Fundi Hujulikana kwa Fremu

Kwenye mashindano ya roboti, macho ya watazamaji huganda kwenye mkono unaookota mipira. Mimi hutazama chini, kwenye chasisi. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Katika FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, roboti huanza mchezo ikiwa imetoshea ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani sentimita 45.7 kila upande. Mota, betri, nyaya na mkono vyote vinagombania nafasi hiyo. Anayetaka mdomo mpana wa kuzoa mipira huacha mbele wazi, chasisi ikawa na umbo la U. Lakini igongwe ubavuni, inajikunja. Anayefunga pande zote nne hupata uimara, akakosa mdomo.

Kisha kuna tamaa ya umbo refu jembamba. Likienda mbele, raha tupu. Sasa liambie ligeuke! Magurudumu yasiyokata kona lazima yaburutwe kwa ubavu, na kadiri ya mbele yalivyo mbali na ya nyuma ndivyo sakafu inavyoyakatalia. Roboti hurukaruka, betri ikaliwa bure. Dawa ni kufupisha na kupanua, au kutumia magurudumu sita na kuyashusha ya katikati milimita chache. Wengine hukimbilia mecanum, gurudumu alilobuni Bengt Ilon wa Sweden miaka ya 1970, lenye vigurudumu vya mshazari vinavyoiwezesha roboti kwenda upande kama kaa. Ni zuri, na bei yake si mchezo, ila ukiwa nalo, ukisukumwa unasukumika.

Huku mtaani Parklands, katika darasa moja karibu na Highridge, nilimwona msichana akipima fremu kwa futi kamba, kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine mbili. Vipimo vilipishana kidogo tu. Akalegeza bolti, akasukuma kona moja kwa kiganja, akapima tena. Vilipolingana ndipo akakaza. Fremu yenyewe ilikuwa imeanza kama kadibodi ya maduka ya Diamond Plaza, iliyokatwa na kukatwa upya kabla alumini haijaguswa na msumeno.

Basi walimu, msiwape watoto mchoro uliokamilika. Wapeni kadibodi, mkasi na kanuni za mchezo wa mwaka huu, halafu mwaache wabishane. Mota zitanunuliwa baadaye.