Nawi Amekimbilia Wapi?

Desemba iliyopita, nyumbani Manundu, Korogwe, nilitazama tena The Woman King. Safari hii nilikuwa na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuja kutoka Handeni na begi moja na maneno machache. Kisa kilikuwa posa. Mwanaume ni mtu mzima, ana maduka mawili, na baba yake mdogo alishapokea barua. Binti ana miaka 19.

Ile sehemu ya mwanzo sikuwa nimeikumbuka vizuri, la sivyo pengine ningeweka filamu nyingine. Nawi anapelekwa kwa mchumba mzee, mzee anampiga, naye anamsukuma. Baba yake anamkokota hadi mlango wa ikulu ya Dahomey na kumwacha hapo, zawadi kwa mfalme. Ndani anakutana na Agojie, jeshi la wanawake watupu. Mdogo wangu akasimamisha filamu. "Dada, hapo ndipo pa kwenda." Kisha akanionyesha kwenye simu tangazo la vijana wa kujitolea JKT.

Nilielewa anachokiona. Mimi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, miezi mitatu, na mpaka leo sijui kueleza vizuri kwa nini niliipenda. Kwata ilinichosha, na ugali wa saa kumi na mbili jioni ulikuwa mgumu kama tofali. Lakini saa kumi alfajiri, kwenye mchakamchaka, ukiwa katikati ya wasichana wanaoimba kwa mguu mmoja, hakuna anayekuuliza unaolewa lini. Gina Prince-Bythewood, aliyeiongoza filamu hii ya mwaka 2022, analijua jambo hilo. Sehemu zake bora kabisa si vita. Ni zile za kambini: Izogie akimfundisha Nawi kustahimili maumivu huku akimtania, makruta wakipita kwenye miiba, wanawake wakisukana usiku. Thuso Mbedu anaigiza Nawi kama msichana mbishi ambaye kwa mara ya kwanza ubishi wake unahitajika mahali. Viola Davis anastahili sifa zote alizopewa, ila mimi filamu hii naidai kwa niaba ya Mbedu.

Shida yangu iko kwingine. Filamu inajua kutuambia Nawi amekimbia nini. Amekimbilia wapi, hapo inababaika.

Uvamizi wa kwanza tunaoonyeshwa ni wa kuokoa mateka. Baadaye Jenerali Nanisca anamsihi Mfalme Ghezo aache kuuza watu, auze mawese. Mwishoni Agojie wanauvamia mji wa bandari wa Ouidah na kufungua minyororo. Sisemi filamu inaficha kwamba Dahomey iliuza watu, inakiri. Lakini inakiri kama mtu anayekiri deni alilokwisha kulilipa. Hadithi imewekwa mwaka 1823. Ghezo alitawala tangu 1818 hadi 1858, na biashara ile haikufa pamoja naye. Mwaka 1860, miaka 37 baada ya ushindi wa kwenye sinema, kijana aliyeitwa Kossola alikamatwa na jeshi la Dahomey, wanawake wakiwa mstari wa mbele, akafungiwa Ouidah hiyohiyo, akapakiwa kwenye meli Clotilda hadi Alabama. Alikuwa na miaka 19 hivi. Alimsimulia Zora Neale Hurston akiwa mzee, na kitabu, Barracoon, kikachapishwa mwaka 2018. Ukishakisoma, kambi ya Agojie haibaki vilevile. Kwenye simulizi la Kossola hao dada wanaosukana usiku ndio wanaoingia kijijini alfajiri na kukata vichwa.

Huenda mtu wa Dar es Salaam ataniambia naharibu starehe. Ila mimi natazama filamu nikiwa Korogwe. Mazinde, ambayo wengi tunaipita ndani ya basi la Moshi tukitazama mkonge, palikuwa makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri, na baada ya baba yake kufa mwaka 1862 vita vya bonde hili vililipiwa kwa watu: mateka wanashuka pwani, bunduki zinapanda. Upande wa Handeni, njaa ya miaka ya 1830 iliwapeleka Wazigua utumwani, wakaishia Somalia, bonde la mto Juba. Wajukuu wao wakatunza Kizigua huko zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vilipowafukuza, baadhi walirudi, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Mdogo wangu amesoma darasa moja na watoto wa Chogo. Kwetu huku, swali la nani aliyekamatwa na nani aliyekamata bado lina majirani.

Ndiyo maana neno mamluki linanisumbua. Sisi tunalitumia kwa askari wa kukodiwa, na siku za usajili wa mpira kwa mchezaji asiye wa timu. Kiarabu lilikotoka, mamluk ni aliyemilikiwa, askari mtumwa. Mzizi ni uleule wa milki na mmiliki. Agojie walihesabiwa kuwa wake wa mfalme, na baadhi yao waliingia jeshini wakiwa mateka. Nawi anatoka mkononi mwa mume asiyemtaka na kuingia kwenye orodha ya wake wa mtu mwingine. Bunduki anapewa, ni kweli. Filamu inaiita hali hiyo uhuru na kwenda mbele.

Lupita Nyong'o, aliyetajwa mwanzoni kuwamo kwenye filamu hii kisha akatoka, alikwenda Benin mwaka 2019 kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wanawake hawa. Aliondoka na huzuni ambayo haikutarajiwa kwa nyota wa Black Panther.

JKT si Dahomey, nilimwambia mdogo wangu, maana aliniangalia kama nimeshamkatalia. Huko atalima, atafundishwa ushonaji au ufundi bomba, atapiga kwata, atarudi.

Hakunijibu. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye skrini. Ndipo akauliza, "Wale waliofunguliwa Ouidah, dada, walirudi kwao?"

Nikamweleza habari za Kossola. Kwamba hakurudi, kwamba alikufa mwaka 1935 hukohuko Alabama. Akafikiri kidogo, akasema wa Chogo wao walirudi.

Asubuhi akaniomba nauli ya kwenda kuchukua barua ya serikali ya mtaa. Nilimpa.