Nyongeza Ingoje, Pensheni Itangulie: Nani Alipata Nini?

Mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kondele, Kisumu, na mfagiaji wa barabara anayeishi Manyatta, mjini humo, wote hulipwa na umma, wote hununua mboga soko la Kibuye, na wote hustaafu wakitimiza miaka 60. Uzee wao, hata hivyo, umeshikwa na mikono tofauti. Mwalimu ameajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), na pensheni yake iko chini ya serikali kuu. Mfagiaji ni mtu wa kaunti, na makato yake huenda, au hupaswa kwenda, katika hazina zilizorithiwa kutoka enzi za mabaraza ya miji.

Mwaka 2021 wote wawili waliambiwa kwamba nyongeza ya mshahara ingoje. Kwa mwalimu, huku nyongeza ikingoja, pensheni mpya ilikuwa imeshaanza. Ukizipanga tarehe na tarakimu utaona kwamba yalifanyika mabadilishano: mshahara ulisukumwa mbele, pesa zikaingizwa kwenye uzee. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeyaleta mezani kwa jina hilo. Ndiyo maana inafaa kuyachambua sasa, kabla viongozi wa wafanyakazi wa kaunti hawajashawishiwa kukubali mapatano ya namna hiyo.

Ilivyofanyika

Tarehe 1 Januari 2021 mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma, PSSS, ulianza kazi. Sheria yake ilikuwa ya 2012. Ililala miaka minane. Watumishi wa serikali kuu wasiozidi umri wa miaka 45, walimu na polisi wakiwemo, waliingizwa kwa lazima, na waliozidi umri huo wakaachiwa wachague. Mtumishi alianza kukatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Serikali nayo ilitakiwa kuchangia asilimia 15.

Juni mwaka huohuo, Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) ilisimamisha nyongeza katika utumishi wa umma kwa miaka miwili ya fedha, 2021/22 na 2022/23, ikitaja hali ya uchumi baada ya pigo la korona. Mwezi uliofuata TSC na vyama vya walimu wakatia saini mkataba wa pamoja wa 2021 hadi 2025 usio na shilingi moja ya nyongeza. Kilichopatikana ni siku za likizo: ya uzazi kwa kina mama ilitoka siku 90 hadi 120, na ya kina baba ikatoka 14 hadi 21.

Pesa zilirudi mezani Agosti 2023, kwa nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10 kulingana na daraja, ilipwe kwa awamu mbili. Awamu ya pili ilipaswa kuanza Julai 2024. Mswada wa Fedha ulipoanguka mwezi wa Juni, awamu hiyo ikakwama, na shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Agosti walimu wa sekondari wakagoma. Hatimaye fedha zikatolewa.

Tarakimu zinasema nini

Tuchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000 Desemba 2020. Tuache kando marupurupu na nyongeza ndogo ya kila mwaka, tubaki na mambo mawili tu: makato ya pensheni na nyongeza ya mkataba.

Mwaka 2021 alikatwa 800 kwa mwezi. Mwaka 2022 alikatwa 2,000. Kufikia Januari 2023 alikatwa 3,000. Kwa kuwa mchango wa pensheni huondolewa kabla ya kodi, na kodi yake ya juu ni asilimia 30, pesa za mkononi zilipungua kwa 2,100, si 3,000 kamili.

Nyongeza ikaja. Kama daraja lake lilipata asilimia 7, hizo ni 2,800 awamu zote mbili zikishakamilika. Toa asilimia 7.5 ya pensheni, kisha asilimia 30 ya kodi, zinabaki kama 1,800, na hapo hatujagusa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulioanza kukatwa 2023. Kwa maneno mengine, nyongeza yote haikurudisha hata kilichoondoka. Aliyepata asilimia 10 alibakiwa na takriban 2,600, yaani shilingi mia tano hivi juu ya alipokuwa miaka mitatu na nusu nyuma, huku bei ya unga ikiwa haikumsubiri.

Sasa geuza ukurasa. Kabla ya 2021 mwalimu huyo hakuwa na akaunti ya uzee wake mwenyewe. Alikuwa na ahadi ya Hazina Kuu. Kufikia 2023, mchango wake wa 3,000 na wa serikali wa 6,000 vilipaswa kuingia kwenye akaunti yenye jina lake: 9,000 kila mwezi. Nyongeza ya asilimia 7 ilipokamilika, jumla ikawa 9,630. Mtu akiutazama mfuko ataona ameibiwa. Akiitazama akaunti ataona ametunzwa. Yote mawili ni kweli, na kazi ya mjumbe wa chama ni kuyaweka mawili hayo kwenye karatasi moja kabla ya kutia saini.

Je, pensheni hiyo ni bora kuliko ya zamani? Si rahisi kusema ndiyo. Kanuni ya zamani ilikuwa miezi ya utumishi, mara mshahara wa mwisho, gawanya kwa 480. Aliyefanya kazi miaka 30 alitoka na asilimia 75 ya mshahara wake wa mwisho, na akitaka aliuza robo ya hiyo kupata kiinua mgongo. Kwa mshahara wa mwisho wa 60,000, kiinua mgongo kilikuwa milioni 2.7, na kila mwezi akapokea 33,750. Soko la hisa likianguka, halikumhusu. Katika mpango mpya linamhusu. Anachopata badala yake ni fungu lililo nje ya bajeti ya kila mwaka, ambalo anaweza kuuliza salio lake.

Tarehe ndiyo yenye mtego

Kuchelewesha nyongeza hakuumizi watu wote sawasawa. Katika pensheni ya mshahara wa mwisho, aliye na miaka kumi mbele yake hapotezi kitu cha pensheni, mradi nyongeza ifike kabla hajaondoka. Anayestaafu katikati ya kungoja ndiye anayebeba hasara, na anaibeba hadi kaburini.

Walimu wa Kenya wanalijua hili vizuri. Mwaka 1997, baada ya mgomo, serikali ya Rais Moi ilikubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ikalipwa, zilizobaki zikawekwa kando mpaka serikali mpya ilipoingia 2003. Waliostaafu katika kipindi hicho walihesabiwa pensheni kwa mshahara wa zamani. Walishtaki, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikawapa haki. Walikuwa zaidi ya 50,000, na miaka zaidi ya kumi baada ya hukumu wengi walikuwa bado wanadai. Wengine walikufa wakingoja.

Katika mpango wa michango hasara hutambaa kimyakimya. Nyongeza ya 2,800 ikichelewa mwaka mmoja, mfanyakazi hukosa 33,600 za mshahara, na pamoja nazo mchango wa mwajiri wa 5,040. Mshahara uliochelewa unaweza kulipwa kama malimbikizo. Mchango wa pensheni wa kipindi hicho haurudi, isipokuwa mkataba uwe umesema wazi kwamba malimbikizo yanabeba mchango wake na faida yake. Kifungu hicho hakigharimu dakika tano mezani.

Upande wa kaunti

Kisumu ilikuwa manispaa, ikatangazwa jiji 2001, na tangu 2013 wafanyakazi wake wako chini ya serikali ya kaunti. Pensheni yao imepitia hasa hazina mbili za mabaraza: LAPFUND, iliyoundwa kwa sheria ya 1960, na LAPTRUST. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 12 kutoka kwa mfanyakazi na 15 kutoka kwa mwajiri. Kwenye karatasi huo ni mchango wa asilimia 27, mnono kuliko wa mwalimu.

Tatizo liko kati ya hati ya mshahara na akaunti ya hazina. Mabaraza mengi yalikata pesa bila kuzipeleka. Kaunti zilirithi madeni hayo, na nyingine zikaendeleza tabia hiyohiyo. Jumla ya madeni ya kaunti nchini ni makumi ya mabilioni ya shilingi. Sheria ya Mpango wa Kustaafu wa Serikali za Kaunti ya 2019 ilikusudia kuleta hazina moja, lakini mivutano ikachelewesha utekelezaji wake.

Fikiria kaunti inayokaa na mchango wa 10,000 kila mwezi kwa miaka mitano. Mfanyakazi anadai 600,000. Lakini kama zingewekezwa kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, zingekuwa karibu 774,000. Deni likilipwa bila riba, mtu amepoteza 174,000 hata siku ya kulipwa.

Kwa nini basi mtu akubali kubadilishana? Kwa sababu hesabu ya kodi inavutia kweli. Shilingi 1,000 za nyongeza, kwa mwenye kodi ya asilimia 30, hutolewa 27.50 za bima ya afya (SHIF), 15 za ushuru wa nyumba na kama 287 za kodi ya mapato (PAYE), zinabaki 670. Shilingi 1,000 za mchango wa mwajiri, ndani ya mipaka ya sheria, huingia zote. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa mfanyakazi usiotozwa kodi umepandishwa kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na malipo ya uzeeni yenyewe yakasamehewa kodi. Mwajiri akisema, "Tuweke kwenye pensheni," hasemi uongo.

Asichosema ni kwamba kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara na mafao ya wafanyakazi yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kanuni inataja vyote viwili. Kuhamisha pesa kutoka mshahara kwenda pensheni hakuikwepi. Kaunti huikwepa tu kwa kutolipa. Na hapo ndipo kishawishi kilipo: mshahara usipolipwa, mji mzima hujua kufikia tarehe tano. Mchango usipopelekwa, huenda mtu akajua siku anapostaafu.

San Diego, California, ilipitia njia hiyo. Mwaka 1996 na tena 2002, jiji lilikubaliana na wadhamini wa hazina yake lichangie pungufu huku wafanyakazi wakiongezewa malipo ya uzeeni. Kila upande uliondoka umeridhika. Pengo likavuka dola bilioni moja, na Novemba 2006 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani ikaamua kwamba jiji liliwaficha wanunuzi wa hatifungani ukubwa wa tatizo.

Kabla ya kutia saini

Ahadi ni deni, na deni huulizwa tarehe. Chama cha wafanyakazi kikiombwa kiahirishe nyongeza ili pensheni iboreshwe, kidai mambo matano yaandikwe. Kwanza, michango yote ya nyuma ihesabiwe pamoja na riba, na ratiba ya kuilipa iwe sehemu ya mkataba. Pili, mchango mpya uanze mwezi uleule nyongeza inapoahirishwa. Tatu, anayestaafu katika kipindi cha kungoja ahesabiwe kana kwamba nyongeza ilikuwa imelipwa. Nne, malimbikizo yakilipwa yabebe mchango wa pensheni na faida yake. Tano, mwajiri akikosa kupeleka mchango miezi miwili mfululizo, uahirishaji uvunjike wenyewe na nyongeza ilipwe mara moja.

Mkataba upitie SRC na usajiliwe katika Mahakama ya Ajira na Leba, ili vifungu hivyo viwe na meno.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa mwalimu kijana, mabadilishano ya 2021 hadi 2024 yanaweza kuwa na faida, ingawa aliyalipia mwenyewe kwa mshahara wa mkononi bila kuulizwa. Kwa mfanyakazi wa kaunti ambaye michango yake haifiki, hayafai: kuongezewa asilimia katika akaunti isiyopokea pesa ni kuongezewa deni. Wewe uliye kazini Kisumu, Homa Bay au Siaya, usingoje mkutano wa chama. Omba taarifa ya akaunti yako ya pensheni wiki hii, uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi, na pengo lolote utakaloliona ulipeleke kwa maandishi kwa chama chako na kwa Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni (RBA).