Juu ya Neno "Kanzu" katika Mavazi ya Ibada

Wakristo wa pwani na wa bara huita kanzu kila vazi refu lionekanalo kanisani: lile jeusi alivaalo kasisi chini, lile jeupe lifikalo miguuni, na lile jeupe lenye mikono mipana, wavaalo waimbaji juu ya nguo nyingine. Neno hili hatutaki kuliondoa; kanzu ilikuwa vazi la heshima pwani kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Lakini neno moja likibeba mavazi matatu, mafundisho nayo huchanganyika, nasi twaona mchanganyiko huo una hasara yake.

Vazi lifikalo miguuni huitwa kwa Kilatini alba, yaani nyeupe. Asili yake ni nguo ndefu ya Warumi, vazi la watu wa mjini lisilo na utakatifu wowote. Watu walipofuata mavazi mafupi, makasisi hawakuliacha. Hivyo nguo ya wengi ikawa ya wachache. Hapa neno kanzu lafaa kabisa.

Lile lenye mikono mipana ni jambo jingine. Kwa Kilatini ni superpelliceum, maana yake lililo juu ya ngozi za manyoya. Makanisa ya Ulaya ya kaskazini yalikuwa na baridi kali, na makasisi walioimba zaburi humo walijikinga kwa mavazi ya manyoya. Alba ya kubana haikuweza kupita juu yake. Ndipo ikashonwa nguo pana ya kuyafunika, nayo yajulikana tangu karne ya 11. Mtu wa pwani angeilinganisha afadhali na joho, livaliwalo juu ya kanzu, ingawa joho ni zito na limefunguka mbele. Kuivaa Tanga mwezi wa Februari ni kichekesho kidogo, lakini desturi haziulizi hali ya hewa.

Nguo hiyo ya baridi ilileta ugomvi mkubwa Uingereza. Mwaka 1566 Askofu Mkuu Matthew Parker aliwataka makasisi wa London waahidi kuivaa, na 37 wakakataa. Mwaka 1845 watu wa Exeter walimzomea kasisi wao njiani kwa kuwa alihubiri amevaa nyeupe badala ya joho jeusi. Pande zote zilinena habari za imani. Manyoya yalikuwa yamekwisha kusahauliwa.

Kwetu huku husikika fundisho kwamba weupe ni alama ya usafi wa mwimbaji mwenyewe. Hilo hatulikubali. Katika Kanisa la kale nguo nyeupe walipewa waliobatizwa Pasaka, tajiri na mtumwa pamoja, wakaivaa juma zima. Ndiyo sababu Jumapili ifuatayo Pasaka iliitwa kwa Kilatini Jumapili ya nguo nyeupe. Basi weupe ni wa ubatizo, si wa cheo wala wa sauti nzuri. Kwaya imwachayo nje mtoto aliyebatizwa, kwa kuwa wazazi wake hawana fedha ya kitambaa, imeigeuza maana ya nguo juu chini. Yawapasa wazee wa kanisa kununua jora kwa fedha ya sadaka, mavazi yakae sakristia, avikwe kila aimbaye; na yasipotosha, wote waimbe katika nguo zao za kila siku.