Kilichoizuia ogani ya mabomba Uvira

Ogani ya mabomba haikuota mizizi Uvira, kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, na wengi husingizia joto. Sababu hiyo haitoshi. Kweli, joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, sauti husafiri kasi zaidi hewani na bomba hupanda karibu theluthi moja ya nusu-toni. Lakini mabomba ya filimbi hupanda yote pamoja, na fundi angeweza kuyalinganisha kwa joto la Uvira tangu mwanzo. Naamini ogani ilikwamia njiani, kwenye mizigo na ufundi. Mapadre Weupe walipofungua misheni ya Kibanga kando ya ziwa hilo mwaka 1883, vifaa vyao vilitoka pwani vichwani mwa wapagazi, kila mmoja na takribani kilo 30. Katika safu ya futi 8, bomba la sauti ya chini kabisa peke yake lina kama mita 2.4, na hata ogani ya wastani ina mabomba mamia. Kuna atakayenionyesha Zanzibar, ambako Kanisa Kuu la Mkunazini lina ogani ya Henry Willis wa London. Lakini Zanzibar ni bandari: meli iliweza kushusha masanduku karibu na kanisa. Baadaye reli ilifika ziwani, Kigoma mwaka 1914 na Kalemie mwaka 1915. Mzigo ukawa mwepesi, lakini fundi wa kuitunza ogani akabaki Ulaya.

Hamoniamu, ambayo fundi Debain aliipatia hataza Paris mwaka 1842, ilifaa hali hiyo. Viriba vinavyokanyagwa kwa miguu hupeleka upepo kwenye ndimi za shaba. Ulimi ukipotoka, fundi hufungua skrubu chache, huutoa, huukwangua nchani ili sauti ipande, au karibu na shina ili ishuke, kisha huurudisha. Ni kazi ya meza moja. Viriba vyake navyo huharibiwa na unyevu na wadudu, sikatai. Ila kiraka chake kinaonekana na kufikika, wakati ngozi za ogani zimejificha chini ya mabomba.

Wengine husema Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio ulioitoa ogani. Lakini Hati yake ya Liturujia ya Desemba 4, 1963, iliyotoka mwaka uliofuata kuundwa kwa Jimbo la Uvira, inaiheshimu ogani ya mabomba waziwazi, kisha inaruhusu ala nyingine zinazofaa ibada. Wala ngoma, mojawapo ya ala hizo, hazikuifukuza ogani hapa: zilipoingia kanisani zilikuta hamoniamu na waimbaji, na besi ya kwaya ilikuwa imeshazoea kubeba sauti za chini ambazo kwingineko ni kazi ya mabomba marefu.