Mkono wa Mhunzi

Yupo huko Ibadakuli, katika viunga vya mji wa Shinyanga, mhunzi mmoja mzee ambaye uhodari wake hauko katika nguvu za bega, kama wadhanivyo wapitao njia, bali katika pigo moja ambalo wengi hulihesabu kuwa la bure: akisha kukigonga chuma mara mbili tatu, huiangusha nyundo kwa wepesi juu ya fuawe tupu, ikalia, ndipo akarejea kwenye jembe. Nilipomwuliza maana yake alicheka, akasema ndivyo alivyofundishwa na babaye. Jawabu ambalo halielezi kitu, nalo ni la kweli, kwa kuwa ustadi wa namna hiyo haukai ulimini. Mimi nadhani katika mlio ule mkono hupumzika na sikio hupima, hali macho hayaondoki katika wekundu wa chuma unaofifia. Nyundo yenyewe haitazami kamwe.

Hahitaji kuitazama. Habari za ngozi, za misuli na za viungo hupanda uti wa mgongo, zikavuka upande, hata mkono wa kuume ukawa na hakimu wake katika nusu ya kushoto ya ubongo. Na katika ramani ya ubongo waliyoitangaza mpasuaji wa ubongo Penfield na mwenzake Boldrey huko Montreal mwaka 1937, vidole na midomo vina milki kubwa kuliko mgongo mzima. Lakini hata mishipa ya fahamu iliyo hodari, ipelekayo habari kwa kasi ya mita 100 hivi kwa sekunde, haitoshi: mhunzi akingoja jicho lione, ubongo uamue, ndipo mkono utii, pigo limekwisha kupotea. Kwa hiyo ule ubongo mdogo ulio kisogoni, wenye chembe za fahamu zipatazo bilioni 69 katika jumla ya bilioni 86, hubashiri pigo kabla halijashuka, ukalinganisha lililotarajiwa na lililotukia, kisha ukarekebisha lifuatalo. Elimu hiyo hununuliwa kwa miaka, wala hairithiwi kwa wosia.

Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika nchi za Geita na Biharamulo, walikuwa nayo, na majembe yao yalihesabiwa katika mahari. Leo jembe hununuliwa dukani, likapinda, likatupwa, na hakuna aonaye haya.

Na vijana, ambao wangalikaa kando ya mivukuto, wamekwenda kutafuta dhahabu. Siwalaumu, njaa haina adabu. Nalaumu zebaki, wainasiayo dhahabu hiyo. Ikichomwa katika karai ili dhahabu ibaki, mvuke wake huingia kwa pumzi, ukapita mapafuni hata damuni, na kutoka damuni hata ubongoni, na miongoni mwa dalili zake ni kutetemeka vidole: yaani hushika kile kile ambacho mhunzi alikijenga kwa umri wake wote. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, wa mwaka 2013, wataka uchomaji wa wazi ukomeshwe. Wala dawa yake haina siri, maana chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kiunasacho mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, si kazi ya kumshinda fundi stadi wa chuma. Lakini katika mialo ya kuoshea dhahabu bado karai hutelekwa juu ya makaa, uani, penye watoto, kwa sababu mwenye mali hataki kungoja.