Lakesi: Kimeng'enya cha Kuvu Kinavyopima Fenoli Majini

Kuvu aina ya Trametes versicolor huota kwenye magogo yanayooza. Ili kuimega ligini, ambayo ndiyo huupa mti ugumu, hutoa kimeng'enya kiitwacho lakesi. Ligini imejengwa kwa viungo vya jamii ya fenoli, na fenoli ndizo zinazotoka na maji taka ya viwanda vya karatasi na plastiki. Hapo ndipo watafiti walipoona mlango wa kutengeneza kihisi cha kupima fenoli majini.

Namna ya kukitengeneza kihisi hicho ni hii. Tone la lakesi hudondoshwa kwenye elektrodi ya kaboni, likachanganywa na kitosani itokanayo na maganda ya kamba, kisha glutaraldehidi kidogo huzifunga protini zisioshwe na maji. Mkono ukizidi hapa, kimeng'enya hufa.

Uzuri wenyewe uko kwenye umeme. Lakesi huinyang'anya katekoli, mojawapo ya fenoli, elektroni mbili, ikawa kwinoni. Elektroni hizo hupita kwenye atomi nne za shaba zilizomo ndani ya kimeng'enya hadi kwa oksijeni, ambayo hugeuka maji. Elektrodi nayo, ikiwa imewekwa karibu volti -0.2 dhidi ya elektrodi rejea ya fedha, huirudishia kwinoni elektroni zake, na katekoli huanza safari upya. Molekuli moja huhesabiwa mara nyingi, na mkondo wa umeme hukua. Elektrodi tupu ingehitaji volti kubwa zaidi, na fenoli zingeganda juu yake hadi izibe. Kwangu mimi, mzunguko huu ndio unaostahili sifa kuliko kimeng'enya chenyewe.

Lakini lakesi haichagui. Hupokea fenoli za kila namna, kila moja kwa kasi yake, kwa hiyo namba inayosomwa ni jumla iliyokadiriwa kwa kipimo cha katekoli. Anayeiuza kama kipimo cha sumu moja anawapotosha wanaokunywa maji hayo. Kazi yake halali ni kuchekecha: kuonyesha ni chupa ipi ipelekwe maabara kwenye mashine ya kromatografia.

Tena kuna chumvi. Kloridi huzuia shaba za lakesi kufanya kazi, hivyo maji ya mlangoni mwa mto yanaweza kuonekana safi kuliko yalivyo. Sampuli kama hizo zipimwe chumvi kwanza, kisha katekoli ya kiasi kinachojulikana iongezwe ndani ya sampuli yenyewe, na mkondo usomwe tena.