Kamera Ndogo na Magharibi ya Nakuru

Nakuru imekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua likishatua nyuma ya milima ya Mau giza halichelewi. Baada ya dakika 20 hivi, taa za maduka na makaa ya wachoma mahindi ndiyo mwanga uliobaki. Naipenda saa hiyo kuliko nyingine zote, na naiheshimu sana kazi ya mpiga picha anayeingia mjini wakati huo akiwa na kamera ya kutia mfukoni.

Wanunuzi wengi huuliza megapikseli. Gizani, idadi hiyo haisaidii kitu. Cha kuuliza ni ukubwa wa sensa, yaani kihisi kinachopokea mwanga, na upana wa tundu la lenzi. Sensa iitwayo ya inchi moja ina milimita 13.2 kwa 8.8, karibu mara 4 ya eneo la sensa za kamera nyingi ndogo za bei nafuu. Sony RX100 ya mwaka 2012 iliileta mfukoni pamoja na lenzi ya f/1.8. Lakini ukiivuta lenzi hiyo hadi mwisho, tundu hushuka hadi f/4.9, na mwanga unaopita hubaki kama sehemu moja ya saba. Basi usivute: sogea, msalimie mwenye jiko, omba ruhusa. Ricoh GR III ya 2019 haina hata uwezo wa kuvuta wala flashi yake yenyewe, ila sensa yake ni kubwa zaidi, na kwangu mimi ndiyo bora.

Flashi hufuta kila kilichokuvutia pale. Mwache mama ainamie makaa yake, mwanga umpande kutoka chini. Kamera ikiona weusi mwingi hudhani kuna kosa, ikaongeza mwangaza mpaka ngozi ikapauka kama iliyopakwa majivu. Punguza mwangaza huo wewe mwenyewe, theluthi mbili za hatua (stop) au hatua nzima, ngozi nyeusi ibaki nyeusi na ing'ae. Kisha bana viwiko mbavuni, toa pumzi polepole, bonyeza.

Ukienda kununua, mwombe mwenye duka azime taa za ndani. Mpige picha bila flashi kwa ISO 3200, halafu ikuze. Nyusi zake zikionekana unywele kwa unywele, lipa. Zikiwa doa tu, mrudishie kamera yake na umshukuru.